Ng'ombe, ufunguo, tairi: historia ya koili inayosikiliza

Wadau, leo tupumzike kidogo na siasa za Bunge na bajeti. Nataka tuzungumzie waya.

Siyo waya wa TANESCO. Ni waya mwembamba kuliko unywele wako, umezungushwa mamia ya mizunguko kwenye kijiti cheusi kidogo kuliko punje ya maharage, kisha ukafungiwa ndani ya tairi la gari. Kama unaendesha gari la miaka ya karibuni hapa Dodoma, kuna uwezekano unazunguka na koili nne za namna hiyo bila kujua. Kinachokukumbusha ni ile taa ya njano kwenye dashibodi, yenye umbo kama karai lenye meno chini na alama ya mshangao katikati. Wenzangu wengi wameizoea kama urembo wa gari. Nimeshapanda gari la jamaa yangu kutoka hapa mpaka Morogoro taa ile inawaka njia nzima, na tulikuwa tunazungumzia mpira.

Taa ile inawashwa na kidude kinachokaa nyuma ya valvu, ndani kabisa ya tairi. Kina betri, kipimio cha presha, redio ndogo ya kutuma taarifa, na hiyo koili. Watu wakieleza mfumo huu husimulia habari ya kipimio na redio, koili wanairuka. Mimi naona wanaruka sehemu tamu kuliko zote, maana koili ile ilifundishwa kazi kwa ng'ombe kabla ya kuingia kwenye gari.

Tuanze na kwa nini ipo. Betri ya kidude kile haibadilishwi. Imefungwa humo na utomvu mgumu unaozuia maji na mtikisiko, na inatakiwa iishi miaka kati ya mitano na kumi. Redio ikiwa macho muda wote, betri hiyo itaisha upesi sana. Kwa hiyo kidude kinalala. Kinabakiza sikio moja tu wazi, sikio lisilokula karibu chochote, linalosubiri kuitwa. Sikio hilo ndilo koili, na mwito wake unakuja kwa masafa ya chini ya kilohezi 125. Mwito ukifika kidude kinaamka, kinapima upepo, na kujibu kwa redio ya masafa ya juu zaidi. Kisha kinarudi kulala.

Sasa hapo kuna fumbo. Wimbi la kilohezi 125 lina urefu wa mita 2,400. Kanuni ya mafundi wa redio ni kwamba antena nzuri inakaribia robo ya wimbi lake, yaani hapa mita 600. Utaiweka wapi kwenye ringi ya inchi 16? Jibu ni kwamba koili hii siyo antena kwa maana ya mnara wa redio. Ni nusu ya transfoma. Nusu moja iko kwenye gari au mkononi mwa fundi, nusu ya pili iko ndani ya tairi, na kati yao kuna hewa na mpira. Uga wa sumaku wa nusu ya kwanza ukibadilika, umeme unazaliwa kwenye nusu ya pili. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo London mwaka 1831, wakati huku kwetu misafara ya pembe za ndovu ikipita Ugogo kwa miguu.

Uga huo unafifia vibaya sana. Ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inashuka mara nane. Kwa hiyo mwito unasikika mita moja hivi, halafu basi. Ungedhani hiyo ni kasoro, kumbe ndiyo sababu ulichaguliwa. Fundi akiliita tairi la mbele kushoto, anataka lijibu hilo hilo, siyo la nyuma yake wala la gari la jirani.

Haya, ng'ombe.

Miaka ya 1970 maabara ya Los Alamos kule New Mexico, ile ile iliyotengeneza bomu la kwanza la atomiki, iliombwa na serikali ya Marekani itafute namna ya kumtambua ng'ombe bila kumkamata. Shida ilikuwa kujua ni ng'ombe yupi ameshapewa dawa na yupi bado. Kifaa cha kwanza kilitumia masafa ya juu. Baadaye kampuni moja ikashuka mpaka kilohezi 125 na kupata kitu kidogo zaidi, cha kufungwa ndani ya kichupa cha kioo na kuchomwa chini ya ngozi ya mnyama. Ndani ya kichupa hicho kulikuwa na chipu, na koili ya waya kwenye kijiti cha feraiti. Hakikuwa na betri, kilipata nguvu yake yote kutoka kwenye uga wa kifaa kinachokisoma.

Kushuka masafa kulikuwa na maana. Mwili wa ng'ombe ni maji kwa sehemu kubwa, na mawimbi ya masafa ya juu humezwa na maji. Uga wa sumaku wa masafa ya chini unapita kwenye nyama, tope na mvua kana kwamba hakuna kitu. Mwaka 1996 zikatoka kanuni mbili za kimataifa za utambuzi wa wanyama, ISO 11784 na 11785, zikaweka masafa kwenye kilohezi 134.2. Ni pua na mdomo na zile 125 za tairi.

Sisi wa uwanda wa kati hatuwezi kuisikia habari hii kama ya ugenini. Huku ng'ombe ni benki. Maabara ya mifugo ya Mpwapwa ilianza mwaka 1905 chini ya Wajerumani. Ranchi ya Kongwa ilizaliwa juu ya mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 kwa mbwembwe na kuzikwa 1951. Na ni Bunge, hapa hapa Dodoma, lililopitisha mwaka 2010 sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Kabla ya hayo yote wafugaji walikuwa na alama zao za masikio na chapa za moto, na swali lilikuwa lile lile la Los Alamos: huyu ni wa nani, ametoka wapi?

Kutoka kwa ng'ombe, koili ikahamia kwenye ufunguo wa gari. Miaka ya 1990 wizi wa magari Ulaya ulikuwa umekithiri, na watengenezaji wakaanza kuficha chipu kwenye kichwa cha ufunguo. Kuna koili ya duara kuzunguka tundu la swichi, na koili ndogo ndani ya ufunguo. Zisipoelewana, injini haiwaki. Kuanzia Oktoba 1998 Umoja wa Ulaya ukalazimisha magari mapya yote madogo yawe na kinga ya namna hiyo. Mbongo yeyote aliyepoteza ufunguo wenye chipu anaujua uchungu wa kutengeneza mwingine. Kwa hiyo mwisho wa miaka ya 1990 viwanda vya magari vilikuwa vimeshaizoea koili hii, vinajua bei yake, tabia zake na wapi pa kuinunua.

Upande wa tairi mambo yalikuwa yanakwenda polepole. Porsche 959 ya mwaka 1986 ilikuwa na mfumo wa kuangalia upepo, lakini lile lilikuwa gari la matajiri wachache. Chevrolet Corvette ya mwaka 1997 iliweka sensa kwenye magurudumu, na ili gari lijue sensa ipi iko wapi, fundi aliweka sumaku juu ya valvu, gurudumu moja baada ya jingine. Peugeot 607 ya mwaka 1999 ikauleta mfumo huo kwenye gari la kawaida la familia, japo familia yenye hela.

Halafu watu wakafa.

Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliita sokoni tairi zipatazo milioni 6.5, nyingi zikiwa zimefungwa kwenye Ford Explorer. Tabaka la juu la tairi lilikuwa linabanduka kwenye mwendo kasi, gari linapinduka. Hesabu ya serikali ya Marekani ilifikia vifo 271. Katika ugomvi wa nani alaumiwe likajitokeza suala la upepo: Ford ilikuwa inashauri psi 26, Firestone yenyewe ikasema 30 ndiyo sahihi. Ushirikiano wa kampuni hizo mbili, uliodumu karibu miaka mia moja, ukavunjika mwaka 2001.

Sababu ya upepo kuwa hatari hivyo ni rahisi kueleza. Tairi lenye upepo mdogo linakunjika ubavuni kila mzunguko. Kila kukunjika kunazaa joto. Joto linalegeza gundi kati ya mpira na mikanda ya chuma iliyo ndani, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo joto linavyokosa nafasi ya kutoka. Ukiongeza mzigo na lami ya saa nane mchana, tairi linapasuka. Barabarani tutasema "tairi lilipasuka ghafla", na polisi wataandika hivyo, lakini tairi lile lilikuwa linakufa tangu asubuhi.

Tarehe 1 Novemba 2000 Rais Clinton alisaini sheria iliyodai, pamoja na mengine, magari yawe na taa ya kuonya upepo. Utekelezaji ulichelewa. Viwanda vilipenda njia ya bei nafuu, ya kukisia upepo kwa kulinganisha mzunguko wa magurudumu, na toleo la kwanza la kanuni likawapa nafasi. Wanaharakati wa walaji wakaenda mahakamani na kushinda mwaka 2003, kanuni ikaandikwa upya mwaka 2005: taa iwake tairi likipungua asilimia 25 ya upepo unaotakiwa. Kufikia Septemba 2007 magari yote mapya madogo ya Marekani yalipaswa kuwa nayo. Ulaya ikafuata, aina mpya za magari tangu Novemba 2012 na magari mapya yote tangu Novemba 2014.

Ghafla dunia ikahitaji mamilioni ya vidude vya kuishi ndani ya tairi. Na hapo wahandisi wakakaa mezani kuchagua koili.

Naomba mnivumilie hapa, maana hii ndiyo sehemu niliyoipenda. Koili peke yake haichagui masafa. Inaunganishwa na kapasita, na viwili hivyo kwa pamoja vinaitika mlio mmoja, kama ngoma iliyowambwa. Koili ya milihenri 7.2 inahitaji kapasita ya pikofaradi 225 ili iitike kilohezi 125. Koili ya milihenri 2.38 inahitaji pikofaradi 681 au hapo karibu. Ipi bora? Mizunguko mingi inakupa umeme mwingi zaidi kwa mwito ule ule, yaani sikio kali. Lakini waya unakuwa mwembamba mno, upinzani unapanda, na ile kapasita inakuwa ndogo kiasi kwamba uwezo mdogo wa ndani ya chipu yenyewe unaweza kuisukuma nje ya mlio wake. Hakuna jibu moja. Ndiyo maana kampuni kama Premo ya Hispania na Coilcraft ya Marekani zinauza koili za aina hii kwa saizi nyingi tofauti.

Ukali wa mwitiko nao una mtego. Ngoma inayoitika mlio mmoja tu kwa nguvu sana ni nzuri mpaka joto liibadilishe kidogo. Kidude cha tairi kinatakiwa kifanye kazi kutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 125 juu yake. Koili kali kupita kiasi ikipata joto inahama mlio, na mwito ukija haisikii. Isitoshe inashindwa kufuata mwito wenye taarifa ndani yake, kwa sababu inaendelea kulia hata baada ya mwito kunyamaza. Kwa hiyo mhandisi mzuri hachagui sikio kali kuliko yote. Anachagua la wastani linalosikia siku zote.

Kuna mwelekeo pia. Koili inasikia uga unaopita kwenye mhimili wake, ukija kwa pembe mraba haisikii kitu. Funguo za kisasa za mfukoni huwekewa koili tatu, kila moja na upande wake, kwa sababu hakuna anayejua utauweka ufunguo mfukoni umelala vipi. Tairi ni tofauti. Kidude kimefungwa kwenye valvu, mkao wake unajulikana, koili moja inatosha kama umeielekeza sawasawa. Ringi ya chuma au alumini iliyo chini yake inakula sehemu ya uga na kuvuruga mlio, kwa hiyo koili inapimwa ikiwa karibu na ringi. Ukiipima kwenye meza ya mbao unajidanganya.

Halafu kuna suala la uzito, ambalo lilinishangaza. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, kitu kilichofungwa pembeni ya ringi kinavutwa nje kwa nguvu inayokaribia mara 160 ya uzito wake. Koili ya gramu moja inakuwa kama gramu 160. Kijiti cha feraiti ni aina ya kauri, kikipata mtikisiko bila kushikwa vizuri kinapasuka kama kikombe. Ng'ombe hakuwahi kuipa koili shida ya namna hiyo!

Sasa turudi nyumbani, kupitia Arusha. Kiwanda cha General Tyre kilianzishwa mwaka 1969, serikali ikiwa na asilimia 74 na mbia wake wa Marekani 26. Mwaka 1987 kampuni mama ya General Tire ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani, na hisa za Arusha zikaingia mkono huo. Mwaka 2007 Continental hiyo hiyo ikanunua Siemens VDO, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa vifaa vya umeme vya magari, sensa za tairi zikiwemo. Miaka hiyo hiyo ya mwisho wa 2000, kiwanda cha Arusha kikafa. Sisemi jambo moja lilisababisha jingine, matatizo ya Arusha yalikuwa na mizizi yake. Lakini mtu ukiiangalia kalenda inauma. Mbia wetu aliingia kwenye tairi linaloongea wakati sisi tulikuwa tunaacha kutengeneza hata lile bubu.

Tukabaki na mtumba. Na mtumba wetu unatoka zaidi Japani, nchi ambayo haikutunga sheria kama ya Marekani kwa magari madogo. Kwa hiyo gari la Kijapani linalokuja kwetu linaweza kuwa na sensa au lisiwe nazo, kutegemea aina yake na matakwa ya mnunuzi wa kwanza. Wakati huo huo barabara zetu zimebadilika. Mwaka 2018 zilifunguliwa lami za Dodoma kwenda Babati na Dodoma kwenda Iringa, vipande vya ile njia ya zamani ya Cape Town hadi Cairo. Palipokuwa na vumbi la mwendo wa 50, leo mtu anakanyaga 120.

Mji wenyewe una vituko vyake kwa upepo wa tairi. Dodoma iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya pwani. Tairi uliyoijaza psi 32 Dar es Salaam itasoma karibu 34 ukifika hapa, hata kama joto ni lile lile na hakuna aliyeongeza kitu. Ongeza joto: kila nyuzi 10 zinapandisha psi moja na nusu hivi. Alfajiri ya Julai tairi lina nyuzi 15, baada ya safari mchana wa Oktoba linaweza kufika 55, hiyo ni psi sita juu. Dereva anasimama, fundi anaweka geji, anasema "umejaza sana", anatoa. Kesho alfajiri tairi lile lile liko chini, na linaianza safari likiwa tayari limelegea. Pimeni asubuhi, kabla gari halijatembea.

Ukipita kwa mafundi tairi wa mjini utaona pia sensa zinavyokufa. Mashine ya kubandua tairi ikikandamiza upande wa valvu, kidude kinavunjika. Mwenye gari akitaka kingine anaingia kwenye mtego wa mwisho. Mwito wa kilohezi 125 unafanana karibu dunia nzima, ila jibu halifanani: gari la soko la Japani au Marekani husikiliza megahezi 315, la Ulaya husikiliza 433.92. Fundi mwenye kifaa anaiita sensa mpya, inaamka, inajibu, kifaa kinasoma upepo vizuri kabisa. Gari halisikii chochote. Pesa imeshalipwa.

Huko zilikotengenezwa, koili hii nayo imeanza kuondoka. Tangu mwaka 2021 Tesla ilianza kuweka sensa zinazozungumza kwa Bluetooth. Kwenye mifugo, kilohezi 134.2 bado zipo palepale.

Na ile taa ya jamaa yangu? Taa ikiwaka na kubaki imewaka, upepo umepungua. Ikipepesa kwa dakika moja hivi kila unapowasha gari ndipo itulie, tatizo ni mfumo wenyewe, na kwa magari ya 2012 hadi 2015 yaliyojaa mjini hapa mara nyingi ni betri za sensa zimefika mwisho. Ya jamaa yangu ilikuwa haipepesi.

Tulipofika Morogoro tulipima. La nyuma kulia lilikuwa na psi 21.